Vita vya Athene na Sparta (431–404 KK): maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila vita hivi vinapotajwa, maswali ni yaleyale, na mengi yana chembe ya kweli iliyochanganywa na sinema. Nimeyakusanya hapa. Msimamo wangu nautaja mapema ili usije ukaniona nazunguka: watu wengi husimulia vita hivi kama mashindano ya ushujaa, lakini mimi naviona kama vita vya daftari la mishahara. Ukijua ni nani aliyeweza kuwalipa wapiga makasia mwaka fulani, umeshajua nusu ya yaliyotokea mwaka huo.

Ni vita gani hasa tunavyovizungumzia?

Ni vita kati ya Athene na washirika wake upande mmoja, na Sparta na washirika wake upande wa pili. Vilianza mwaka 431 KK vikaisha 404 KK, yaani miaka 27. Vitabu huviita Vita vya Peloponesi, kwa kuwa Sparta iko kwenye rasi ya Peloponesi, kusini mwa Ugiriki. Jina hilo limetoka upande wa Athene. Msparta angeviita vita vya Athene.

Na kwa wanaochanganya tarehe: miaka ya KK huhesabiwa kwenda chini. 431 huja kabla ya 404.

Hivi ndivyo vita vya wale Wasparta 300?

Hapana. Wale 300 wa mfalme Leonidas walikufa Thermopylae mwaka 480 KK wakipigana na Waajemi, na siku zile Athene na Sparta walikuwa upande mmoja. Vita vyetu vilianza karibu miaka 50 baadaye, baina ya wajukuu wa watu waliopigana bega kwa bega. Wala havihusiani na Troya na farasi wake wa mbao.

Kama wote ni Wagiriki, waligombania nini?

"Ugiriki" kama nchi moja yenye serikali moja haikuwepo. Kulikuwa na miji-dola mamia: mji na mashamba yanayouzunguka, wenye sheria zake, jeshi lake na sarafu yake. Watu wake walisema lugha moja na kuabudu miungu ileile, wakakutana kwenye michezo ya Olympia, lakini mtu wa Korintho akiwa Athene alikuwa mgeni.

Athene na Sparta ndiyo ilikuwa miji-dola miwili mikubwa, na haikufanana kwa lolote. Athene iliishi kwa bahari. Wananchi wake wanaume walikusanyika na kupiga kura wenyewe juu ya vita na amani. Sparta ilikuwa nchi kavu tupu: wafalme wawili kwa wakati mmoja, wakaguzi watano wa kuwachunga, na raia wachache waliofunzwa vita tangu utotoni. Mashamba yao yalilimwa na Waheloti, watu waliotiwa utumwani kwa jumla, ambao idadi yao iliwapita mabwana zao mara nyingi. Ndiyo maana Sparta haikupenda kulipeleka jeshi lake mbali kwa muda mrefu: hofu yao ya kwanza ilikuwa nyumbani kwao.

Korintho hiyo ni ile ya nyaraka za Paulo?

Mahali ni palepale, mji si uleule. Warumi waliubomoa mji wa kale mwaka 146 KK, na Paulo alihubiri katika mji ulioanzishwa upya na Warumi mwaka 44 KK. Korintho ya vita vyetu ilikuwa mji wa wafanyabiashara wenye merikebu nyingi, na ndiyo iliyoisukuma sana Sparta iingie vitani.

Chanzo kilikuwa nini?

Kuna vyanzo vya mezani na kuna chanzo cha moyoni. Vya mezani ni vitatu. Kisiwa cha Corcyra kiligombana na Korintho, Athene ikatuma merikebu kukisaidia, wakapambana Sybota mwaka 433 KK. Mwaka uliofuata mji wa Potidaea, uliokuwa ukilipa kodi Athene, uliasi kwa msaada wa Korintho. Na Athene iliwafungia watu wa Megara masoko na bandari zake zote.

Chanzo cha moyoni alikitaja Thucydides, jemadari wa Athene aliyeandika historia ya vita hivi: Athene ilikuwa inakua, na Sparta ikaogopa. Baada ya Waajemi kufukuzwa, miji ya visiwani na pwani iliunda muungano mwaka 478 KK, hazina yake ikawekwa kwenye kisiwa cha Delos. Kila mji ulichanga merikebu au fedha. Polepole wengi wakaona afadhali kutoa fedha wakae kwao, na Athene ikawa ndiyo yenye merikebu zote. Mwaka 454 KK hazina yenyewe ikahamishiwa Athene. Aliyejaribu kujitoa alifuatwa. Ulianza kama ushirika, ukaisha kama himaya, na wanachama ndio waliogharimia manowari zilizowachunga.

Risasi ya kwanza ilipigwa wapi?

Hapakuwa na risasi, palikuwa na vigae vya paa. Masika ya 431 KK, usiku wa mvua, askari 300 na ushei wa Thebes, washirika wa Sparta, waliingia mji mdogo wa Plataea, rafiki wa Athene. Msaliti wa ndani ndiye aliyewafungulia lango. Wakaenda hadi uwanja wa soko, wakaweka silaha chini, na mpiga mbiu wao akawaalika wenyeji wajiunge nao kwa amani. Walidhani kazi imekwisha.

Wenyeji walikubali kwanza kwa hofu. Halafu wakahesabu, wakagundua wageni ni wachache. Wakatoboa kuta za ndani kati ya nyumba na nyumba ili wakusanyike bila kuonekana barabarani, wakasukuma mikokoteni kuziba njia, na kabla ya alfajiri wakavamia. Wanawake na watumwa walipanda juu ya paa wakipiga mayowe na kurusha mawe na vigae. Mvua inamwagika, njia ni matope, mwezi hakuna, na Wathebe hawajui kichochoro kipi kinatokea wapi. Lango walilopitia lilikuwa limeshafungwa; mtu mmoja alilikomea kwa ncha ya mkuki badala ya pini yake. Kundi kubwa la wakimbizi hao liliona milango mikubwa iko wazi, likajitosa ndani likidhani ni lango la kutokea. Lilikuwa jengo lililopakana na ukuta. Wakanaswa wote.

Mateka 180 waliuawa. Jeshi la kuwaokoa lilikuwa njiani, limecheleweshwa na mto uliofurika. Vita vya miaka 27 vikaanza hivyo, kwa mpango wa usiku mmoja ulioharibika.

Kwa nini hawakukutana uwanjani mara moja wakamalizana?

Kwa sababu mmoja alikuwa papa na mwenzake simba. Uwanjani hakuna aliyetaka kukabiliana na Wasparta. Kila askari alibeba ngao ya duara yenye upana wa karibu mita moja na mkuki wa mita mbili na nusu, wakasimama safu nyuma ya safu, ngao ikimfunika mwenye nayo na ubavu wa jirani yake wa kushoto. Thucydides ameeleza jambo ambalo wapiganaji pekee hulijua: kila jeshi likisonga mbele huvutika kuelekea kulia, kwa sababu kila mtu anajibanza nyuma ya ngao ya jirani, na anayeanza kusogea ni yule wa mwisho kulia, ambaye upande wake mmoja uko wazi. Wasparta waliweza kusonga mbele kwa hatua za pamoja, wakifuata mlio wa filimbi, safu isivunjike.

Pericles, kiongozi wa Athene, alijua hilo. Shauri lake lilikuwa: wacheni mashamba, ingieni ndani ya kuta. Kuta Ndefu ziliunganisha mji na bandari yake ya Piraeus, zaidi ya kilomita sita, kwa hiyo hata adui akizingira, ngano ingeingia kwa bahari. Wasparta walikuja karibu kila mwaka, wakachoma mazao, wakaondoka. Uvamizi mrefu zaidi wa miaka ile ya mwanzo ulikuwa wa siku 40, mfupi zaidi siku 15. Mzeituni, kwa taarifa yako, haufi kirahisi; ukiukata, shina huchipua tena. Walioumia zaidi ni wakulima waliosimama ukutani wakitazama moshi wa vijiji vyao.

Merikebu moja iligharimu kiasi gani kuiendesha?

Hili nalipenda, na huulizwa mara chache kuliko inavyostahili. Merikebu ya vita ilikuwa na urefu wa mita 37 hivi, nyembamba, na kwenye omo yake mlikuwa na mdomo wa shaba wa kutobolea ubavu wa adui. Wapiga makasia walikuwa 170, safu tatu kila upande, moja juu ya nyingine. Kila mtu alikuja na kasia lake na mto wake wa kukalia. Hawakuwa watumwa wa kufungwa minyororo kama sinema zinavyotuonyesha. Wengi walikuwa wananchi maskini na wageni waliolipwa. Ukijumlisha mabaharia na askari, ni watu 200.

Mshahara katika miaka mizuri ulikuwa drakma moja kwa mtu kwa siku. Watu 200 kwa siku 30 ni drakma 6,000, na drakma 6,000 ndiyo talanta moja, kama kilo 26 za fedha. (Talanta hiyohiyo ya mfano wa Injili, sasa unaelewa kwa nini kumwachia mtumwa talanta tano lilikuwa jambo zito.) Kwa hiyo merikebu moja ilikula talanta moja kwa mwezi. Merikebu 100 kwa miezi minne zingekula talanta 400.

Athene ilianza vita ikiwa na merikebu 300 zinazofaa baharini, akiba ya talanta 6,000, na mapato ya washirika ya talanta 600 hivi kwa mwaka. Pericles aliwahesabia wananchi hata dhahabu ya kwenye sanamu ya Athena, talanta 40, akisema inaweza kubanduliwa mambo yakizidi. Kiswahili kinatusaidia hapa: fedha ni madini na fedha ni pesa. Athene ilizichimba zote mbili kwa mpigo, katika machimbo ya Laurion.

Sparta haikuwa hata na sarafu ya fedha ya kwake. Mfalme wao Archidamus, kabla ya vita, aliwaonya kwamba vita si suala la silaha kuliko suala la fedha zinazoziwezesha silaha kufanya kazi. Walimsikiliza kwa heshima, wakapiga kura ya vita.

Na fedha ilinunua ustadi. Mwaka 429 KK jemadari Phormio alikuwa na merikebu 20 akakutana na 47 za Peloponesi karibu na mlango wa Ghuba ya Korintho. Zile 47 zilijipanga duara, omo zikitazama nje. Phormio akaanza kuzizunguka, akizikaribia kidogo kidogo, akisubiri. Alijua upepo wa alfajiri wa pale. Ulipovuma, duara likaanza kugongana lenyewe, mabaharia wakisukumana kwa pondo na kutukanana hata wasisikie amri. Ndipo alipoingia.

Ni kweli tauni ndiyo iliyoimaliza Athene?

Iliijeruhi vibaya, haikuimaliza. Ilizuka 430 KK, mji ukiwa umejaa wakimbizi wa mashambani waliolala kwenye vibanda vya joto kali. Thucydides mwenyewe aliugua akapona, na ameandika dalili moja baada ya nyingine: kichwa kuwaka, macho kuwa mekundu, koo kutoa damu, kiu isiyokatika hata watu wakajitupa kwenye matangi ya maji. Wanasayansi bado wanabishana ulikuwa ugonjwa gani. Ilirudi tena miaka michache baadaye. Kati ya askari wa ngao waliosajiliwa, walikufa 4,400. Pericles alizika wanawe wawili, naye akafa 429 KK.

Si Wasparta hawasalimu amri kamwe?

Hivyo ndivyo Ugiriki nzima ilivyoamini hadi 425 KK. Mwaka huo Wasparta 420 wa ngao walinaswa kwenye kisiwa kidogo cha Sphacteria, mbele ya Pylos, merikebu za Athene zikizunguka mchana na usiku. Sparta iliahidi uhuru kwa Mheloti yeyote atakayewafikishia chakula. Wengine walipiga mbizi kutoka bara wakikokota viriba vyenye mbegu za popi zilizochanganywa na asali na mbegu za kitani zilizotwangwa.

Athene, mwanasiasa Cleon aliwabeza majemadari kwa kuchelewa. Wakamwambia: basi nenda wewe. Akajaribu kukwepa, umati ukamshangilia aende, na kwa ulimi uleule uliomponza akaahidi kumaliza kazi ndani ya siku 20. Kicheko kikaenea. Lakini Demosthenes, jemadari aliyekuwa kule, alikuwa na mpango: hakupeleka ngao dhidi ya ngao. Alipeleka wapiga mishale na warusha mawe, watu wepesi wasiosubiri kukamatwa. Msitu wa kisiwa ulikuwa umeungua majuzi, kila hatua ikirusha majivu usoni. Wasparta hawakuona wa kupigana naye.

Waliobaki hai, 292, waliweka ngao chini. Kama 120 kati yao walikuwa raia kamili wa Sparta. Baadaye mtu alimkejeli mateka mmoja, akiuliza kama waliokufa ndio walikuwa mashujaa. Akajibiwa kwamba mshale ungekuwa kitu cha thamani sana kama ungeweza kumchagua shujaa. Kwa jibu lile nampa Msparta yule ushindi wa siku. Ila Athene ikatangaza kwamba Wasparta wakivamia tena, mateka watachinjwa, na uvamizi wa kila mwaka ukakoma.

Kwa nini basi hawakufanya amani?

Walifanya, mwaka 421 KK. Cleon na Brasidas, jemadari hodari wa Sparta, walikufa siku moja katika mapigano ya Amphipolis, na wapenda vita wa pande zote mbili wakapungua. Mkataba uliandikwa wa miaka 50. Korintho na Thebes walikataa kuutia mkono, na haukumaliza hata muongo.

Athene yenye demokrasia si ndiyo ilikuwa upande wa haki?

Waulize watu wa Melos. Kisiwa hicho kilikataa kujiunga na himaya, na mwaka 416 KK Athene ilikizingira, ikawaua wanaume waliowakamata na kuwauza wanawake na watoto. Kura ya wananchi haikuzuia.

Mara moja ilizuia, na ni hadithi ya saa chache. Mji wa Mytilene ulikuwa umeasi, na mwaka 427 KK mkutano wa Athene uliamua wanaume wote wauawe. Merikebu ikatumwa na amri. Kesho yake watu wakaamka na dhamira imewasuta, wakapiga kura upya, wakabatilisha kwa tofauti ndogo. Merikebu ya pili ikatoka karibu siku nzima nyuma ya ile ya kwanza. Wapiga makasia walikula wakiwa kwenye kazi, unga wa shayiri uliokandwa kwa divai na mafuta, wakalala kwa zamu. Ya kwanza haikuwa na haraka, kwa uzito wa habari iliyoibeba. Ya pili ilifika amri ikiwa imeshasomwa, mauaji hayajaanza. Wale waliotajwa kuwa vinara wa uasi hawakuokoka.

Athene ilifuata nini Sisilia?

Tamaa, na vikombe vya kuazima. Mji wa Segesta, kwenye kisiwa hicho, uliomba msaada dhidi ya jirani yake, ukaahidi kulipa gharama. Wajumbe wa Athene walipokwenda kuhakikisha, walioneshwa hazina ya hekaluni, kisha wakakaribishwa chakula nyumba moja baada ya nyingine, kila mahali vyombo vya dhahabu na fedha. Wakarudi wamelewa utajiri. Vyombo vilikuwa vilevile, vikihamishwa kutoka nyumba hadi nyumba. Jeshi lilipofika, Segesta ilikuwa na talanta 30 tu.

Mwaka 415 KK ziliondoka merikebu 134 na askari wa ngao 5,100, chini ya majemadari watatu: Alcibiades aliyeitaka safari, Nicias aliyeipinga, na Lamachus. Alcibiades aliitwa nyumbani kujibu shtaka la kuvunjia dini heshima, akatoroka. Lamachus akauawa. Akabaki asiyeitaka safari.

Walikaribia kuuzingira mji wa Sirakusa kabisa, hadi Sparta ilipomtuma mtu mmoja, Gylippus, aliyewapanga upya watu wa Sirakusa. Kufikia 413 KK wazingiraji ndio waliokuwa wamezingirwa. Walikuwa tayari kuondoka kwa merikebu wakati mwezi ulipopatwa, tarehe 27 Agosti. Waaguzi wakasema ngojeni siku tatu mara tisa, na Nicias, mcha Mungu kupita kiasi, akakubali. Siku hizo adui alifunga mdomo wa bandari kwa merikebu zilizofungwa minyororo.

Wakajaribu kukimbia kwa miguu. Kwenye mto Assinarus kiu iliwashinda, wakarukiana majini huku wakichomwa mikuki kutoka juu ya ukingo, na bado wakagombania kunywa maji ya matope na damu. Mateka wasiopungua 7,000 walitupwa kwenye machimbo ya mawe ya Sirakusa, jua mchana na baridi usiku, maiti zikiwa zimerundikana kando yao. Kwa miezi minane kila mtu alipewa kama robo lita ya maji kwa siku na nusu lita ya nafaka.

Inasimuliwa kwamba habari ilifika Athene kupitia kinyozi wa Piraeus. Mgeni aliketi anyolewe, akaanza kuizungumzia kana kwamba kila mtu anajua. Kinyozi akakimbia mjini kutangaza, akateswa kama mzushi hadi wajumbe wa kweli walipofika.

Alcibiades alikuwa upande gani hasa?

Upande wa Alcibiades. Athene, kisha Sparta, kisha mshauri wa liwali wa Uajemi, kisha Athene tena akipokewa kwa shangwe mwaka 407 KK, kisha uhamishoni. Aliuawa Frigia, Asia Ndogo, mwaka 404 KK.

Sparta isiyo na pesa ilipata wapi merikebu?

Uajemi. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Mwaka 413 KK Sparta ilijenga ngome ya kudumu Decelea, kilomita 20 na ushei kutoka Athene. Watumwa zaidi ya 20,000 wakatoroka, wengi wao mafundi, na machimbo ya Laurion yakadorora. Athene iligusa akiba ya mwisho, talanta 1,000 zilizowekwa tangu mwanzo kwa sharti kwamba anayependekeza kuzitumia ovyo atauawa. Baadaye iliyeyusha sanamu za dhahabu ili ipige sarafu.

Wakati huo Sparta ilikubali kuiachia Uajemi miji ya Kigiriki ya Asia ili ilipwe. Mwaka 407 KK alifika Cyrus, mwana wa mfalme, na talanta 500. Kamanda wa Sparta, Lysander, alimpendeza hadi akaulizwa: nikufanyie nini? Hakuomba zawadi. Aliomba mshahara wa wapiga makasia upande kutoka oboli tatu hadi nne kwa siku. Oboli moja, sehemu ya sita ya drakma. Wapiga makasia wa kukodiwa walijua kuhesabu.

Ni kweli Athene iliwaua majemadari wake walioshinda?

Ndiyo. Mwaka 406 KK walishinda vita vya baharini vya Arginusae, lakini dhoruba ikazuia kuokolewa kwa mabaharia waliokuwa wakielea kwenye mabaki ya merikebu. Majemadari wanane walihukumiwa kifo kwa kura moja ya pamoja, kinyume cha sheria. Sita waliokuwepo wakauawa, mmoja wao mwana wa Pericles. Mwanafalsafa Socrates, aliyekuwa zamu kwenye kamati iliyosimamia mkutano siku hiyo, alikataa. Hakusikilizwa.

Wanawake na watumwa walikuwa wapi katika haya yote?

Kila mahali, na majina yao hayakuandikwa. Plataea ilipozingirwa baadaye, walibaki ndani wanaume 480 na wanawake 110 wa kuwaokea mikate. Mji uliposalimu amri, wanawake waliuzwa.

La Waheloti ni baya zaidi. Wakati fulani Sparta ilitangaza kwamba waliojiona wamepigana vizuri kuliko wengine wajitokeze wapewe uhuru. Wakachaguliwa 2,000, wakavishwa mashada, wakazungushwa mahekaluni kwa furaha. Muda si muda wakatoweka, na hakuna aliyejua kila mmoja alikufaje. Sparta ilitaka tu kujua ni akina nani wenye moyo wa kuweza kuasi.

Vita viliishaje?

Kwa siku moja ya uzembe. Mwaka 405 KK merikebu 180 za Athene ziliegeshwa Aegospotami, ufuo usio na bandari kwenye mlango-bahari wa Hellespont, leo Uturuki, njia ambayo ngano ya Bahari Nyeusi ilipita. Siku nne walijipanga kupigana, Lysander akakataa kutoka. Siku ya tano waliposhuka nchi kavu na kutawanyika kutafuta chakula, akaja. Akazikamata karibu zote ufuoni.

Merikebu iliyoleta habari ilifika Piraeus usiku. Xenophon, mwandishi wa historia wa Athene wa siku zile, anasema kilio kilipanda kutoka bandarini kando ya Kuta Ndefu hadi mjini, mtu akimpasha mwenzake, na usiku ule hakuna aliyelala. Hawakuwalilia wafu peke yao. Waliyakumbuka waliyowatendea watu wa Melos.

Njaa ilimaliza kazi mwaka 404 KK. Korintho na Thebes walitaka mji ufutwe. Sparta ikakataa, ikadai Kuta Ndefu zibomolewe na merikebu zote zitolewe isipokuwa 12. Kuta ziliangushwa huku wasichana wakipiga filimbi, na watu wakisema siku hiyo ndiyo mwanzo wa uhuru wa Ugiriki.

Je, ulikuwa mwanzo wa uhuru?

Athene ilipewa watawala thelathini walioungwa mkono na Sparta, wakaua kwa mamia hadi wananchi walipowang'oa mwaka 403 KK na kurudisha demokrasia. Sparta yenyewe ilipigwa na Thebes huko Leuctra mwaka 371 KK, ikapoteza raia 400 kati ya 700 waliokuwepo, na haikuwa na wengine wa kuziba pengo.

Naweza kuona nini leo nikienda Athene?

Vipande vya ukuta Piraeus. Kwenye makaburi ya Kerameikos, uchimbaji wa reli ya chini ya ardhi katika miaka ya 1990 ulifukua kaburi la pamoja la watu kama 150, waliozikwa haraka bila utaratibu katika miaka ya tauni. Na katika makumbusho ya Agora, ndani ya kabati la kioo, kuna ngao ya shaba iliyopondeka na kuliwa kingo, ikaokotwa kwenye tangi la maji la kale. Ukiinama utaona herufi zilizogongwa kwa ncha ya msumari, nukta baada ya nukta: Waathene, kutoka kwa Walakedemoni, kutoka Pylos. Walakedemoni ndio Wasparta. Ni ngao ya mmoja wa wale 420 wa kisiwani.